Mwalimu aliyehamishwa kutoka skuli yetu: naulizwa habari zake, nijibu nini?

Mwalimu_Kaskazini (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaikum ndugu zangu. Jamvi hili limenifaa kwa mengi, leo nimekuja na zito.

Mie ni mwalimu wa kike, nasomesha Pemba, mkoa wa Kaskazini. Mbali na vipindi vyangu vya Kiswahili, ndiye niliyekabidhiwa ushauri nasaha wa wasichana. Juzi usiku mwalimu niliyesoma naye, ambaye yuko skuli moja upande wa kusini, alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, yule bwana aliyeletwa kwetu kutoka kwenu, mnamjuaje? Kuna mambo siyaelewi." Basi, hayo tu. Nimeusikiliza mara nyingi na mpaka sasa sijamjibu.

Ninachokijua ni hiki. Mwaka juzi nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili. Nikafungua daftari la msichana mmoja, ndani mna karatasi iliyokunjwa mara nne, ile ya hesabu yenye vibokisi. Kaandika kwa penseli, mistari sita. Alieleza kuwa mwalimu fulani humbakisha baada ya kipindi cha mwisho ampangie vitabu stoo, mlango unafungwa, na usiku anamtumia meseji kwenye simu ya kaka yake. Mengine sitayaandika hapa. Mstari wa mwisho alikuwa ameufuta akauandika tena mpaka karatasi imekwaruzika: "Usimwambie mama."

Nikaipeleka kwa mwalimu mkuu asubuhi ile ile. Hakunifukuza, alisikitika kweli, nilimuona usoni. Akaniambia, "Niachie mimi." Siku ya tatu akaita kikao ofisini kwake: mwalimu mwenyewe, baba wa mtoto, sheha na mimi. Na mtoto. Akasimamishwa mbele ya meza, yule mwalimu kakaa hatua mbili kutoka kwake, akaambiwa aisome karatasi yake kwa sauti. Akasoma mstari wa kwanza. Kisha akanyamaza, akawa anakiangalia kifungo cha shati la baba yake. Baba ndiye aliyesema, "Basi, inatosha. Sisi sote watu wa hapa hapa." Mwalimu akasema kama kuna aliyemkosea basi anaomba radhi. Sheha akaomba dua, tukatoka.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya uhamisho. Sababu iliyoandikwa ni mahitaji ya kazi. Ile karatasi ilitiwa kwenye mtoto wa meza, na nilipoiulizia baadaye nikaambiwa haionekani. Msichana alikuja skuli siku nne, hakuja tena.

Sasa naulizwa "mnamjuaje?" Nikisema ninayoyajua, namsema mtu ambaye hakuhukumiwa popote. Nikinyamaza, kule nako kuna stoo na kuna watoto. Wenye uzoefu nisaidieni. Naomba msitaje jina la mtu wala la skuli, na mie sitataja.

Bi_Mkarafuu

Pole mwalimu. Nimesoma mpaka pale pa kifungo cha shati nikasita, nikarudi kusoma tena.

"Sisi sote watu wa hapa hapa." Neno hilo nimelisikia tangu nina akili zangu. Huyu mtoto wa fulani, yule alimuoa binamu yetu, huyu tulizikana naye. Muhali huo ndio unaomfunga mtoto mdomo, na sisi watu wazima tunauita ustaarabu.

Kijana_wa_Kusini

Mimi ni mwalimu pia, mwanamme, nasomesha Unguja. Nisiposema hili nitakuwa siwi mkweli. Sisi walimu wa kiume tunaishi na hofu. Namjua mwenzetu aliyezuliwa jambo kwa sababu alimfelisha mtoto wa mkubwa. Alisafishwa, lakini jina lake halikurudi. Je, kila karatasi iliyokunjwa ipelekwe polisi? Na wewe mwalimu, ukimjibu mwenzako kisha ikawa si kweli, utaubebaje mzigo huo? Siulizi kwa ubaya.

Mama_Watatu_Mtoni

Mtoto kaacha skuli, yeye kapewa skuli nyengine. Mie hapo tu ndipo ninapolilia.

Ustawi_Mstaafu

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Unguja na Pemba mpaka nilipostaafu. Mwalimu, nitasema kwa upole, lakini nitasema.

Kosa la kwanza halikuwa uhamisho. Lilikuwa lile neno "Niachie mimi." Tuhuma ya mtumishi kumdhalilisha mtoto si ya mwalimu mkuu kuichunguza. Yeye si polisi, si daktari, si hakimu, na mtuhumiwa ni mwenzake, saa nne wanakunywa chai chumba kimoja. Anachotakiwa kufanya ni kumuweka mtoto salama leo hii, kumuondoa mtuhumiwa mbele ya watoto mpaka jambo liangaliwe, na kuitoa habari nje ya geti la skuli siku hiyo hiyo. Iende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, iende kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, na ofisi ya elimu ya wilaya ipate barua. Barua, si simu. Simu haina tarehe wala mhuri, na mtu akibadilishwa kituo simu imekufa.

Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Makosa yenyewe yamo ndani ya Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018. Jinai ni ya serikali. Baba hana uwezo wa kuisamehe, sheha hana uwezo wa kuisuluhisha hata akiomba dua mpaka magharibi. Sulhu ni ya ng'ombe aliyekula muhogo wa jirani.

Kikao kile ndicho kilichoniuma zaidi. Kumsimamisha mtoto mbele ya mtuhumiwa, mbele ya baba yake, asome kwa sauti! Nimeyaona haya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila mara watu wazima hutoka pale wanasema, "Mbona hakusema kitu?" Angesemaje?

Mtoto akija kwako, kaa naye pahala ambapo mnaonekana lakini hamsikiki. Muache aseme kwa maneno yake. Usimuulize "alikushika hapa?", muulize "ikawaje?" kisha nyamaza. Usimuahidi kuwa hutomwambia mtu, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza, na akijua umeivunja hatokuamini tena wala hatomuamini mwengine. Mwambie, "Nitawaambia wale tu ambao kazi yao ni kukulinda." Akishaondoka, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto, na chini yake tarehe, saa na jina lako. Usimrejeshe kumuuliza mara ya pili. Kila anapohojiwa na mtu mpya hadithi inachakaa, na wakili wa upande wa pili anasubiri hapo hapo.

Ikiwa kuna jambo la mwili, usimuogeshe wala usimfulie nguo. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu nailoni inatunza unyevu na ushahidi unaoza. Kisha Kituo cha Mkono kwa Mkono. Cha hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kilianza 2011, na Pemba kipo hospitali ya Chake Chake. Pale polisi, daktari na ustawi wa jamii wako pamoja, mtoto hatembezwi na fomu kutoka ofisi hadi ofisi. Mfike ndani ya saa 72, maana dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI baada ya hapo hazitolewi tena. Lakini saa 72 zikipita msiseme basi tena. Nendeni. Kesi haifi kwa kupita siku tatu.

Asiyejua aanzie wapi apige 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo.

Ustawi_Mstaafu

Kijana_wa_Kusini, swali lako ni la haki, sikutaka kulipita. Kuripoti si kuhukumu. Mwalimu anayeripoti hasemi "fulani kafanya", anasema "mtoto kaniambia hivi, siku hii, saa hii". Basi. Anayechunguza ni mwengine, asiyemjua mtoto wala mwalimu. Huyo mwenzenu aliyezuliwa, angalichunguzwa na watu wa nje kwa maandishi, leo angekuwa na karatasi ya kumuonesha kila mtu. Mlichomuachia ni minong'ono, na minong'ono haina pa kukatia rufaa.

Mpemba_Coventry

Naandika kutoka Uingereza, mzaliwa wa Wete. Nafanya kazi jikoni kwenye skuli ya msingi huku, kazi ya kupakua chakula tu. Kabla sijaruhusiwa kushika hata mwiko walitafuta rekodi zangu za polisi, kisha nikakalishwa darasani kufundishwa namna ya kuripoti. Mimi, mtu wa jikoni! Mlangoni kuna picha ya mwalimu anayepokea habari hizi, na mtoto wa miaka saba anamjua kwa jina.

Nikauliza kwa nini mambo yote haya, nikasimuliwa habari ya Soham. Ni mji mdogo mashariki ya Uingereza. Agosti 2002 watoto wawili wa kike wa miaka 10 waliuawa na mtu aliyekuwa mtunzaji wa majengo wa skuli ya sekondari pale pale mjini. Baadaye ikajulikana kuwa mkoa aliotoka alikuwa ameshatuhumiwa zaidi ya mara moja kwa mambo ya wasichana wadogo. Hakutiwa hatiani hata mara moja, kila tuhuma ilichukuliwa peke yake, na alipoomba kazi Soham hakuna kilichomfuata. Ripoti ya uchunguzi ilitoka 2004 na ndiyo iliyobadilisha namna ya kuwachuja watu wote wanaofanya kazi na watoto.

Sasa ikija tuhuma dhidi ya mfanyakazi, skuli inatakiwa kumuarifu ofisa wa serikali ya mtaa ndani ya siku moja ya kazi. Akiwa anayetuhumiwa ni mwalimu mkuu mwenyewe, habari inapelekwa kwa mwenyekiti wa bodi, haipiti mikononi mwake. Na mtu akiacha kazi katikati ya uchunguzi, uchunguzi hausimami. Unaendelea mpaka mwisho na matokeo yanaandikwa. Marekani nao, sheria yao ya elimu ya 2015 ina kifungu kinachokataza skuli kumsaidia mtumishi kupata kazi nyengine ikiwa wanajua, au wana sababu ya kuamini, kuwa alimfanyia mtoto jambo la aina hii. Maana yake hata wao walikuwa wanahamishana.

Sisemi huku ni peponi, kesi zipo na zinaumiza. Lakini mwalimu, wewe ndiye ule mkoa aliotoka. Mwenzako anakuuliza swali ambalo Soham hawakumpata wa kumuuliza.

Bi_Mkarafuu

Allahu Akbar. Hapo mwisho umemaliza, kaka.

Kijana_wa_Kusini

Nimekubali, na nashukuru nimejibiwa bila kutukanwa. Nimeongea na wenzangu chumba cha walimu leo. Tumekubaliana hatumtumi mtoto stoo peke yake, na hakuna mwalimu kumtumia mwanafunzi meseji binafsi. Kazi ya nyumbani inapelekwa kwenye kundi la darasa, ambalo wazazi wamo. Mmoja akasema tunajinyima uhuru. Mkubwa wetu, aliyebakisha mwaka astaafu, akamwambia: "Mlango ukiwa wazi, nawe umo salama."

Ustadh_Mwanakwerekwe

Naomba tusisahau vyuo vya Qur'ani. Watoto wetu asubuhi wako skuli, jioni wako madrasa, na chuoni mara nyingi hakuna geti, hakuna kamati, hakuna mwalimu wa ushauri nasaha. Kuna ustadh mmoja na heshima yake. Mzazi anamuona mtoto hataki kwenda chuo, anampiga. Hamuulizi.

Mimi nasomesha watoto hamsini na kitu. Tuliondoa pazia la chumba cha ndani, wasichana wakubwa wanasomea barazani ambapo kila apitaye njiani anawaona, na kila kipindi tuko walimu wawili, mmoja mwanamke. Mtoto hatumwi nyumbani kwa mwalimu kuchota maji wala kufua. Mambo haya hayakutugharimu shilingi. Kuna mzazi alikuja juu akasema tunawatia walimu wa dini katika shaka. Nikamwambia, dini ndiyo iliyotukataza mwanamme na mwanamke kukaa faragha, mimi sijaleta jipya.

kimya_2009

Nasoma tu humu, huwa siandiki. Mimi nilikuwa kama huyo msichana. Sikuandika karatasi. Niliwaambia nyumbani kuwa tumbo linaniuma, kila Jumatatu na Jumatano, ndizo siku alizokuwa na kipindi. Nikapelekwa kwa mganga.

Mwalimu, uliipeleka. Sasa malizia.

Mama_Watatu_Mtoni

Mwanangu kimya_2009, nakupa mkono. Leo wangu wa katikati kaniambia tumbo linamuuma. Nimekaa naye kitako, sikumtia panadoli. Ilikuwa mtihani tu, alhamdulillah. Lakini nimekaa.

Mwananchi_Darajani

Swali kwa wanaojua sheria. Hizi kesi zikifika mahakamani si hufutwa? Tunasikia kila siku, imefutwa kwa kukosa ushahidi.

Mtetezi_Vuga

Nitajibu kifupi, nimo katika kazi hizo. Tangu 2021 tuna mahakama maalum za kesi za udhalilishaji, Unguja na Pemba, na kesi hizi hazipangwi tena foleni moja na za wizi wa kuku. Zinazofutwa, nyingi nilizozishuhudia mwenyewe zilikufa kwa sababu shahidi hakuja. Mama anaitwa mara ya kwanza anakuja, mara ya pili anakuja, ya tatu mjomba ameshakaa na wazee, mtoto amepelekwa kwa shangazi Dar. Hakimu hawezi kumhukumu mtu kwa kiti kitupu.

Kwa hiyo Mwalimu_Kaskazini, maelezo yako yana uzito. Wewe umeiona karatasi kwa macho yako, umesoma mistari sita, umekuwemo kikaoni. Karatasi imepotea, shahidi hajapotea. Andika unachokikumbuka sasa, na pale usipokumbuka andika kuwa hukumbuki. Usirembe.

Na kwa mwenzako wa kusini, usimsimulie sifa za mtu. Mwambie ulichokiona na ulichokifanya, kisha mwambie yale "mambo asiyoyaelewa" ayapeleke leo, asimuite bwana yule kumuuliza, wala asimshauri mkuu wake aite kikao. Akimuuliza, amemuonya.

Shamte_wa_Micheweni

Na yule mwalimu mkuu? Mbona hamumsemi?

Mwalimu_Kaskazini (mwanzisha uzi)

Shamte, nimemfikiria sana. Ni mtu mwema, aliijenga maktaba yetu kwa kuomba tofali moja moja. Aliona anamsitiri mtoto. Nimemwambia mwenyewe, uso kwa uso, kuwa nimeandika na jina lake limo kwa sababu lilikuwemo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama kuna mahala pa yeye kuandika yake. Sijui ataandika au hataandika.

Wengine mliouliza, nawapa habari.

Nilimjibu mwenzangu usiku ule ule aliponiandikia Mtetezi_Vuga. Sikumwambia kwa sauti, nilimuandikia, maneno kama mistari minane. Kumbe kule jambo lenyewe ni stoo ya vifaa vya michezo na msichana ambaye ghafla ana simu mpya. Asubuhi alikwenda Dawati.

Mie nilikwenda Alkhamisi. Niliandika kurasa mbili kwa mkono wangu, nikatoa nakala, na afande wa kike aliyenipokea alipiga mhuri zote mbili na kutia tarehe. Nakala yangu iko kwenye mkoba huu hapa. Aliniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia kweli, kwamba nilidhani nimeshafanya. Hakunikaripia.

Kisha nikaenda nyumbani kwa msichana. Sikujua nitapokewa vipi, baba alikuwa shamba. Sasa hivi ni msimu wa karafuu, ua mzima umetandikwa majamvi. Mama yake alikuwa hajui lolote, hata la kikao. Miaka miwili mumewe hakumwambia, na binti naye alinyamaza. Alipofahamu, hakulia. Alikwenda kukaa karibu na mwanawe, bega kwa bega, akawa anachambua karafuu naye kutoka chungu ile ile.

Msichana hakuinua kichwa. Aliuliza jambo moja tu: "Nitasimamishwa tena mbele yake?"

Nikamwambia hapana. Utakaa chumbani na afande wa kike asiyevaa sare na mtu wa ustawi wa jamii. Mama yako atakuwepo ukimtaka. Hapana mtu wa skuli atakayeingia, hata mie, mpaka wewe useme niingie.

Akaendelea kutenga vikonyo upande mmoja na karafuu upande mwengine. Baada ya kitambo akasema, "Jumatatu. Hizi zikishaanikwa."